Maua Yaliyofungwa Uzi

Semeni alifika Malolo na mkasi mpya mkobani, na mtu mwenye mkasi mpya haoni kitu asitamani kukikata.

Mkasi huo alipewa na Bwana Octavian, mkuu wake wa kazi kule Nachingwea. Semeni alikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali. Anafagia, anachemsha chai, anapeleka mafaili chumba hadi chumba, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, anamwagilia bustani ya mbele. Bwana Octavian alikuwa mtu wa Bukoba, na alipenda maua kuliko alivyopenda mafaili. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba ua likishanyauka haliachwi kwenye shina. Likiachwa, mmea unaona kazi yake imekwisha, unamalizia nguvu zote kwenye mbegu, unazeeka. Likikatwa, mmea unadhani bado haujazaa, unatoa jingine. Unaudanganya kidogo, alisema, na Semeni akacheka sana, maana hakuwahi kusikia mtu wa ofisini akikiri kudanganya chochote.

Basi akakata. Wiki tatu tu, bustani za majirani zimeshakauka kwa kiangazi na ya kwao bado inachanua. Watu waliokuja ofisini na shida zao wakawa wanasimama kwanza kuangalia maua, wengine wakimwita Mama Bustani. Kichwa kikamvimba. Sisemi kwa ubaya, sote tumewahi kujua kitu kimoja kipya na kuwaona wenzetu wote hawajui kitu.

Mwishoni mwa Juni mama yake, Mwanabibi, akapata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho hospitalini Ruangwa. Saada, mdogo wake Semeni aliyeolewa Ruangwa, akaenda naye kumuuguza. Semeni akaomba ruhusa kazini, akaja Malolo, kijijini kwao, kulinda nyumba na kuku.

Mbele ya nyumba ya Mwanabibi, kuanzia mlangoni hadi njiani, palikuwa na safu mbili za maua marefu, mekundu ya kukolea, ambayo kijiji kizima kiliyaita maua ya Mama Linus. Mama Linus alikuwa mke wa jirani yao, Mzee Ladislaus, Mngoni aliyekuja kutoka Songea kufundisha shule ya msingi zaidi ya miaka arobaini iliyopita, akastaafu, na hakurudi kwao. Mama Linus alifariki miaka minne nyuma akazikwa kwenye makaburi ya kanisani. Semeni alilijua jina la maua yale kama tunavyoyajua majina ya mitaa, yaani bila kuuliza nani aliliweka na kwa nini.

Wakati ule mvua zilikuwa zimekatika tangu Mei. Maua yote yalikuwa yamekauka shinani, vichwa vya kahawia vimeinama, na kwa macho mapya ya Semeni ilikuwa aibu tupu. Alimhurumia mama yake. Macho mabovu, alijisemea, angeonaje? Akapanga kwamba mama akirudi na jicho lake jipya ayakute maua yamesafishwa, yanaanza kutoa machipukizi. Ilikuwa zawadi. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakuthubutu tena kulisema.

Akaanza asubuhi, jua halijawa kali. Alishuka na kila shina hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani mazima, akakata juu yake kwa mshazari, kama alivyofundishwa. Baadhi ya mashina yalikuwa na uzi mweusi, umefungwa chini kidogo ya kichwa. Alidhani mama aliyafunga yasianguke kwa upepo, ingawa uzi wenyewe haukuwa umeshikizwa kwenye kitu chochote. Mtu aliyeshika mkasi hasumbuliwi na maswali kama hayo. Aliukata pamoja na shina.

Kufikia saa nne ungo ulikuwa umejaa vichwa vikavu. Akavimwaga kwenye shimo la taka, juu ya majani ya mikorosho aliyoyafagia, na kwa kuwa kiberiti hakukiona, akaenda kwa Mzee Ladislaus kuomba kaa la moto. Mzee akamchotea kwenye kigae, akamuuliza anachoma nini. Takataka tu, Semeni alijibu. Baadaye kidogo mzee akaja mwenyewe na reki yake, akasimama kando ya shimo, akautazama moto, akayatazama yale mashina yaliyonyolewa. Alisema tu kwamba moshi unaelekea bandani kwa kuku, akarudi kwake.

Hapo Semeni angejua kuna jambo, kwa sababu mzee hakumtania. Wangoni na Wamwera, kabila la Mwanabibi, ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na Mzee Ladislaus hakuwahi kukanyaga ua wa Mwanabibi bila neno la kuudhi. Mzee alimwita Mwanabibi mateka wangu. Mwanabibi naye alimwita askari aliyepotea njia ya kwao. Sheria ya utani wanaijua hata watoto: mtani atachukua kuku wako, atakalia kiti chako, atasema ugali wako haufai kuzibia ukuta, na wewe hukasiriki. Ukikasirika, unalipa faini ya kuku. Na Mzee Ladislaus alikuwa na mtindo wake wa kukiri kila baya lililotokea kwa jirani. Kuku akipotea, nimemla mimi, alikuwa mgumu kama mwenyewe. Paa likivuja, nimelitoboa mimi, mateka wasilale.

Tangu mkewe afariki, utani ule ndio uliokuwa ukimlisha. Kila mchana Mwanabibi alipika akamtenga sahani, akaifunika kwa kawa, akaipeleka ng'ambo ya ua na salamu kwamba hiki ni chakula cha adui, kina sumu. Sahani ilirudi imeoshwa, na salamu kwamba sumu yenyewe ilikuwa na chumvi kidogo. Hivyo hivyo miaka minne, na hakuna aliyelazimika kusema neno zito kama huruma.

Mwanabibi alirudi Jumanne kwa bajaji, amevaa miwani myeusi. Daktari alimkataza kuinama, kubeba mzigo, kukaa kwenye moshi, na kulia. Saada alisema njia nzima mama alikuwa na neno moja, kwamba akifika ataanza na maua ya Mama Linus, maana kwa miaka miwili ameyaona kama doa tu, akichagua ya kufunga uzi kwa kupapasa. Akashuka, akavua miwani, akasimama.

Aliuliza nani amekata. Aliuliza polepole, hata kuku hawakustuka.

Semeni alikuwa ameshafungua mdomo. Kweli angesema, tena kwa majivuno, kwa sababu alikuwa amesubiri kusifiwa tangu Jumamosi. Lakini mama alikuwa anatembea kando ya safu, anagusa shina moja baada ya jingine kwa kidole.

"Mbegu," alisema. "Mbegu zote."

Ndipo Saada akauliza, na mama akaeleza akiwa amewapa mgongo. Kila mwaka maua yalipochanua, Mama Linus alipita akachagua machache, makubwa na mekundu kuliko mengine, akayafunga uzi, ili mtu asiyachume. Hayo yaliachwa yakauke palepale shinani mpaka yajifie yenyewe, na mbegu ya kupanda ilitoka humo tu. Alifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, ndiyo maana maua yale hayakuwa na mfano Ruangwa nzima. Alipokaribia kufa alimwita Mwanabibi akampa kibunda cha uzi mweusi, akamwambia aendelee. Kwake mwenyewe hapakuwa na wa kuendelea, kwani mwanamume aliyebaki peke yake hapandi maua. Tangu hapo, kila Desemba mvua ikianza, Mwanabibi alipanda mbegu mbele ya nyumba na juu ya kaburi la shoga yake. Mwaka huu ya kaburini yalimalizwa na mbuzi mwezi wa nne. Mbegu za mwaka jana zilikwisha kupandwa zote. Zilizobaki duniani zilikuwa hizi.

 Semeni akafunga mdomo.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ua wa mabua. Mzee Ladislaus alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Mateka, umerudi? Hayo maua nimekata mimi. Nilikosa mboga."

Siku nyingine Mwanabibi angemjibu mpaka majirani watoke nje. Siku ile aligeuka, akamkazia lile jicho jipya.

"Baba Linus, leo sitaki utani. Ni wewe?"

 Mzee alimtazama Semeni. Hakumtazama sana, muda wa mtu kumeza mate, lakini alimtazama yeye tu. Semeni akaangalia vidole vyake vya miguu. Daktari amesema asilie, alijiambia. Jicho lipone kwanza.

"Ni mimi, Mama Semeni," mzee akasema.

Hakusema mateka. Kwa hiyo Mwanabibi akaamini. Alirudisha miwani usoni, akaingia ndani, na mchana ule hakuna sahani iliyovuka ua.

Kesho yake, Semeni akifagia, akaona kipande cha uzi mweusi mchangani, fundo lake bado limekaza. Aliangalia kushoto na kulia kama mwizi, akakifunga kwenye pindo la kanga. Alhamisi akapanda gari kurudi Nachingwea.

Atasema jicho likipona, alijiambia; hilo lilikuwa jambo la wiki mbili. Jicho likapona, mama akawa anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Basi atasema uso kwa uso, mambo kama haya si ya simu. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliuliza habari za kuku, za mikorosho, za Saada, akizunguka jambo lile kama mtu anayeogopa shimo gizani. Mama naye hakulitaja. Angelitaja kwa nani? Ukimlalamikia mtani wako, watu watakucheka na kukuambia ulipe kuku. Mwanabibi hakuwa na pa kupeleka hasira yake, kwa hiyo alikaa nayo ndani.

Kazini Semeni alishindwa kushika mkasi. Alikuwa akifika kwenye ua lililonyauka, anauweka kwenye shina, mkono unakataa. Bustani ikaanza kukauka kama za wengine. Bwana Octavian alipouliza, alimjibu kwamba mkasi umekuwa butu. Mkuu wake akauchukua, akajaribu kwenye karatasi, karatasi ikakatika vizuri kabisa.  Aliuweka mezani akaendelea na chai, na Semeni akatoka nje na uso unawaka. Uongo una tabia hiyo, ukizaa mmoja unataka ndugu.

Agosti akaenda Malolo, kusudi kabisa, uso kwa uso. Alimkuta mama anapukuchua mbaazi. Akakaa naye, akapukuchua, na maneno aliyoyapanga toka Nachingwea yakawa tayari ulimini. Mama akamtangulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, macho kwenye ungo. "Mtu amekula kwangu miaka minne. Angekuja akaniambia nimekosa, ningemsamehe siku ileile. Lakini anakata, halafu anatania. Maua ya mkewe mwenyewe."

Semeni alikuwa amekaa amegusana naye bega. Alijiona ndiye hasa yule mdudu wa kwenye nguo, anatembea polepole asihisiwe. Akasema naam, mama. Alisema naam! Akaendelea kupukuchua, na alipoondoka kidole gumba kilikuwa kimechubuka na hakusema hata robo ya neno.

Wakati wa kuondoka Mzee Ladislaus alikuwa uani kwake, anasonga ugali kwenye sufuria ndogo. Alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia mabegani, na kando ya sufuria hapakuwa na mboga ila chumvi kwenye karatasi. Semeni akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, akauliza kama mama anaona vizuri sasa. Anaona, Semeni alijibu.

"Na wewe, Semeni, huna neno la kumwambia mama yako?"

"Neno gani, Mzee?"

"Nauliza tu," akasema, akarudi kwenye mwiko wake.

Njia nzima hadi Ruangwa, juu ya bodaboda, Semeni alijihakikishia kwamba mzee hajui. Angejuaje? Kisha lile kaa la moto kwenye kigae lingemjia, naye analisukuma. Mtu anayetaka kujidanganya hahitaji msaada. Mwezi wa tisa hakwenda kabisa, alisingizia kazi.

Oktoba, siku ya Alhamisi, mama ndiye aliyepiga simu, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema Mngoni anaondoka Jumamosi. Mwanawe Linus amekuja kutoka Songea, amemkuta baba yake amekonda, anakula ugali na chumvi, akasema hamwachi hapa hata mwezi mmoja zaidi. Nyumba imeshapata mpangaji, mwalimu mgeni na mkewe. Mama aliyasema hayo kama mtu anayesoma tangazo. 

Semeni hakulala vizuri. Jumamosi alfajiri alipanda gari la kwanza.

Alipofika, gari dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mzee. Linus alikuwa anafunga kitanda kwa kamba. Mwanabibi alikuwa kwake, amekaa kwenye kigoda mbele ya safu za mashina yaliyokauka, anachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Semeni hakuweka hata mkoba chini.

"Mama, maua nilikata mimi."

Mama aliinua uso.

"Ulipokuwa hospitali. Nilidhani nayasafisha. Nikachoma. Mzee hakugusa hata moja."

Alifungua pindo la kanga, akatoa kile kipande cha uzi, akakiweka kwenye ungo, juu ya mchele.  Alikuwa amejiandaa kwa laana, kwa kofi, kwa kufukuzwa. Kwa kweli alikuwa anavitamani. Mama alikiokota kipande cha uzi, akaligusa fundo lake.

"Ulikuwepo," akasema. "Nilipomuuliza. Ulikuwa umesimama hapa."

"Nilikuwepo, Mama."

"Nimemnyima mtu chakula miezi minne." Alisema kwa sauti ndogo, si kwa Semeni. "Mimi. Harufu ya chungu changu inamfikia puani, namnyima."

Hilo Semeni hakuwa amelipigia hesabu. Alikuja kuutua mzigo wake, na sasa aliona kwamba hajautua, ameugawa, na nusu nzito amempa mama yake. Alipiga magoti, akaanza kuomba radhi, lakini mama alikuwa ameshainuka. Alikwenda bandani, akatoka na kuku mkubwa wa madoa amemshika mabawa, akavuka ua wa mabua palepale penye uwazi ambapo sahani ilikuwa ikipita.

Mzee Ladislaus alikuwa amekaa kwenye benchi, kitu pekee ambacho hakijapakiwa. Mwanabibi akasimama mbele yake.

"Askari, nimekuja kulipa faini. Nilimkasirikia mtani."

Mzee akamtazama kuku, akamtazama yeye, akamwona na Semeni nyuma yake ana machozi. Akaelewa yote, sidhani ilimchukua hata dakika. Akampokea kuku, akampima mkononi.

"Mateka wangu," akasema, "huyu ni kuku au njiwa?"

Mwanabibi akacheka, na kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, akakaa kwenye benchi kando ya mzee akilia waziwazi na kanga usoni. Linus aliacha kamba zake akashangaa. Mzee alimwambia mwanawe asishangae, hawa mateka ndivyo walivyo, hawajui kuagana.

Mwanabibi alimsihi abaki. Alisema atapika mara mbili kwa siku, atapika mpaka miezi minne ilipwe yote. Mzee alitikisa kichwa. Nyumba ameshakabidhi, wajukuu wameshaambiwa babu anakuja, na mwili nao umeshakubali safari. Alisema angeulizwa mwezi uliopita angekataa, hata Linus anajua alivyokuwa akikataa miaka yote minne. Lakini ilifika siku akagundua kwamba toka asubuhi hajasema neno na mtu yeyote, hata la kutukana. Maji yakishamwagika hayazoleki, alisema. Alilisema taratibu, bila lawama, na Semeni aliona heri angelaumiwa.

Aliomba kitu kimoja, wapite kaburini. Wakaenda wote wanne kwa miguu, mzee akiwa amemshika yule kuku kwapani maana alikataa kumwacha garini. Kaburi la Mama Linus lilikuwa udongo mtupu, na nyayo za mbuzi juu yake. Mwanabibi na Linus wakainama kuokota majani makavu. Mzee akamvuta Semeni pembeni.

"Kaa nilikupa mimi," akasema. "Nilipokuja na reki niliona vichwa vinaungua, na uzi juu yake."

Semeni alishindwa kuinua uso. Aliuliza kwa nini basi hakumsema, kwa nini alikubali.

"Mtani anabeba. Hiyo ndiyo kazi yake. Nilikuona umeshikwa na hofu, nikasema ngoja nimpokee mtoto huyu mzigo wake kidogo." Alimpangusa kuku vumbi mgongoni. "Nilidhani nitaubeba mpaka jioni."

 Semeni alisema nisamehe, Mzee, na mzee akasema alishasamehe siku ileile, kusamehe si kazi, kazi ilikuwa kula peke yake. Walipogeuka kuondoka, Semeni alichota udongo kidogo wa lile kaburi akazifukia nyayo za mbuzi, moja moja, mpaka mama akamwita.

Linus alikuwa na haraka, njia ya Masasi na Tunduru ni ndefu. Mzee akapanda mbele na kuku wake mapajani. Gari lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani akamwambia Mwanabibi kwamba anakwenda kuita jeshi, wakirudi wasimkute amelala. Mwanabibi alimjibu kwamba ataiba ngao zao zote. Alisimama njiani akipunga mkono mpaka vumbi likatua, na hata lilipotua hakuushusha upesi.

Walirudi nyumbani. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Semeni alitaka kupika, mama akakataa, akaingia jikoni mwenyewe. Alipika wali wa ule mchele na mbaazi za nazi, chakula kizuri kuliko siku yenyewe ilivyostahili. Semeni alikaa mlangoni akitazama mashina makavu, akiwaza Desemba itakapofika na mvua, na mama yake atakapotoka nje kwa mazoea na jembe dogo, mkononi hana kitu.

Mama akapakua. Alipakua sahani yake, akapakua ya Semeni, kisha mkono ukaendelea wenyewe, ukachukua sahani ya tatu, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, ukaijaza wali hadi juu, ukamwagia mbaazi, ukafunika kwa kawa. Aliinuka nayo. Alifika mpaka kwenye uwazi wa ua, akasimama pale, akalitazama lile kufuli.

Aliporudi hakuonekana kukasirika. Aliweka ile sahani mbele ya Semeni, juu ya mkeka, akafunua kawa.

"Kula hiki," akasema. "Ni cha kwako."

Sahani mbili zilikuwa mbele yake sasa. Semeni alisogeza ile ya kwanza pembeni, akanawa mikono, akaanza na ya mzee. Mama hakula, alikaa akimtazama kwa lile jicho lililopona. Semeni alikula tonge baada ya tonge, hata aliposhiba, mpaka bati likaonekana.